Tangawizi ni ya sufuria, maski ni ya mapafu

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Saa ya kula, kazini, umewaona wenzetu waliotoka China na India. Mmoja anafungua chombo chake: wali, dengu zenye rangi ya manjano, harufu ya tangawizi. Mwingine ana chupa ya maji ya moto yenye majani ya chai ndani. Jioni unapita sokoni, unakuta mtu anauza unga wa manjano katika mifuko midogo. Anapaza sauti: «Dawa ya Wahindi! Inasafisha mapafu! Inaondoa vumbi la shimo!» Unatoa falanga zako, unabeba mfuko nyumbani.

Leo ukurasa huu unajibu maulizo mawili. La kwanza: vyakula na viungo vya watu wa Asia vinaleta afya kweli? Tunajibu: ndiyo, vingi vinaleta afya, kama mtu anavijua na anavila kama chakula. La pili: vinaweza kuondoa vumbi katika mapafu ya mchimbaji? Tunajibu: hapana, hata kidogo. Soma mpaka mwisho, halafu uwasomee wa nyumbani.

KUKU WALIOFUNDISHA WAGANGA

Tuanze na mchele, kwa sababu mamilioni ya watu wa Asia wanakula wali kama sisi tunavyokula bukari.

Zamani walitwanga mchele kwa mkono, na ngozi nyembamba ya kahawia ilibaki juu ya punje. Katika karne ya 19 mashini za kukoboa zilienea, na mchele ukatoka mweupe kama karatasi. Watu wakaupenda, wakaona ni chakula cha heshima. Lakini ugonjwa wa beriberi ukazidi. Miguu inalegea, mwili unavimba, moyo unachoka, mtu anakufa.

Mwaka 1882 meli ya vita ya Japani, Ryujo, ilifunga safari ndefu baharini. Ilikuwa na watu 376. Kati yao 169 walishikwa na beriberi, na 25 wakafa. Munganga wa jeshi la maji, Takaki Kanehiro, akasema kosa liko katika chakula. Mwaka 1884 meli nyingine, Tsukuba, ilipita njia ileile, lakini mabaharia walipewa wali kidogo, pamoja na nyama, samaki, shayiri na maharage. Beriberi haikuua hata mmoja.

Miaka michache baadaye, katika kisiwa cha Java, munganga Mholanzi Christiaan Eijkman alifuga kuku kwa uchunguzi wake. Walilishwa mabaki ya wali mweupe wa hospitali ya waaskari. Kuku wakalegea miguu. Akaja mpishi mpya, akakataa kutoa wali wa jeshi kwa kuku. Wakarudishiwa mchele wenye ngozi, nao wakapona. Kwa njia hiyo ikajulikana kwamba ndani ya ile ngozi inayotupwa kuna kitu ambacho mwili hauwezi kukikosa. Leo tunakiita vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake Hopkins wa Uingereza.

Hadithi hii inatuhusu nasi. Unga wa mahindi mweupe sana, uliotolewa ngozi na kiini, unapendeza machoni, lakini umeacha vitamini nyingi kwenye mashini. Mama, ukipata unga uliosagwa na punje nzima, usiudharau. Weupe wa bukari si kipimo cha afya.

DENGU NA WALI, MAHARAGE NA BUKARI

Mtu wa India akiwa maskini, akakosa nyama mwezi mzima, bado anakula wali na dengu. Dengu ni punje ndogo za jamaa ya maharage. Chakula hicho ni cha akili nyingi, na tueleze kwa nini.

Mwili unajengwa na protini. Protini ni kama ukuta wa matofali ya namna mbalimbali. Ukikosa namna moja ya tofali, fundi anasimama, hata kama zile nyingine ziko tele. Mchele una matofali fulani machache, dengu zinayo kwa wingi. Tena dengu zina upungufu wa mengine, na mchele unayo. Ukiviweka pamoja kwenye sahani, ukuta unapanda.

Mahindi nayo yana upungufu wa namna hiyo. Mtu anayekula mahindi karibu peke yake siku zote anaweza kushikwa na pelagra: ngozi inaharibika mahali jua linapopiga, tumbo linaharisha, akili inachafuka. Lakini bukari na maharage, bukari na karanga, bukari na samaki wadogo wakavu, hapo ukuta unapanda kama ule wa Mhindi. Basi huna lazima ya kununua dengu za mbali kwa bei kali. Chukua akili ya Mhindi, uiweke ndani ya sufuria yako mwenyewe.

SOJA, NYAMA YA SHAMBANI

Soja ilitoka China. Watu wa huko wameilima tangu maelfu ya miaka. Punje yake ina protini nyingi kuliko maharage mengine, nayo inakaribia nyama kwa ubora. Wachina wanaisaga, wanachemsha maji yake, wanayagandisha kama jibini nyeupe: hiyo ni tofu. Watu wa Java wanachemsha soja, wanaifunga katika majani ya mgomba pamoja na mbegu ya ukungu mzuri, na baada ya siku moja au mbili punje zimeshikana kama kipande cha mkate: hiyo ni tempe. Ule ukungu unaanza kuisaga soja kabla haijafika tumboni, ndiyo maana tempe ni nyepesi kwa tumbo.

Lakini angalia! Ukungu wa tempe unachaguliwa na kupandwa na watu wanaoujua. Ukungu unaoota wenyewe juu ya karanga au mahindi yaliyolowa ni sumu inayoharibu ini. Karanga zenye ukungu usile, usimpe mtoto, wala usimpe kuku.

Soja inalimwa hapa kwetu pia. Huko Kivu wamama wanajua uji wa masoso: mahindi, soja na sorgo, ndiyo maana ya jina lake. Uji huo unamsaidia mtoto aliyeanza kuacha ziwa. Kumbuka tu kwamba soja mbichi inazuia tumbo kufanya kazi yake. Lazima uichemshe sana au uikaange vizuri kabla ya kuisaga.

VIUNGO: KILA KIMOJA NA KAZI YAKE

Tangawizi. Inatuliza kichefuchefu. Hilo limechunguzwa na waganga, hata kwa wamama wenye mimba wanaotapika asubuhi. Kipande kidogo ndani ya chai kinatosha. Lakini mama anayetapika siku nzima, asiyeweza kushika hata maji, aende hospitali bila kungoja.

Manjano. Ndiyo inayopaka mchuzi wa Wahindi rangi. Ni kiungo kizuri cha sufuria. Kile kitu chake chenye nguvu hakiingii kwa urahisi ndani ya damu; Wahindi wanaipika katika mafuta pamoja na pilipili manga, na pilipili manga inasaidia kuingia kwake. Ile manjano ya chakula haina ubaya. Lakini vidonge vyenye nguvu nyingi ya manjano vimewaumiza watu wengine ini. Na kuna hatari nyingine inayotuhusu sana sisi watu wa madini. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba huko Bangladesh wafanyabiashara fulani walichanganya manjano na rangi yenye risasi ndani, ili ing'ae na iuzike. Risasi ni ile plombi. Inaingia katika damu ya mtoto na kuharibu akili yake. Basi usinunue unga unaong'aa kupita kawaida, usiojulikana ulikotoka. Afadhali ununue mzizi mzima, uukaushe na kuutwanga mwenyewe.

Kitunguu saumu. Kinaweza kushusha kidogo damu inayopanda. Tumesema kidogo. Kama munganga amekupa vidonge vya damu, usiviache kwa sababu ya kitunguu.

Karafuu. Mti wake ulitoka visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni vya Indonesia, na katika karne ya 19 ukapandwa sana Zanzibar. Mafuta ya karafuu yanatuliza maumivu ya jino. Hata waganga wa meno wanayatumia. Lakini maumivu yakilala, tundu la jino halijaziba. Nenda ukatibiwe.

Na pilipili yetu kali? Wengi wanafikiri ni ya Wahindi. La, ilitoka Amerika, na Wareno waliifikisha India katika karne ya 16. Ikiwa mbichi ina vitamini C. Mwenye kidonda tumboni, ikimchoma, aipunguze.

Tena neno moja kwa wote: ukimeza dawa ya kuzuia damu kuganda, mwulize munganga kabla ya kunywa tangawizi au manjano kwa wingi.

MAJI YALIYOCHEMKA NA CHAI

Wachina wengi hawapendi kunywa maji mabichi. Wanakunywa maji ya moto au chai. Desturi hii ni kinga kubwa, kwa sababu maji yaliyochemka vizuri hayana tena vijidudu vya kolera na vya tifoidi. Nguvu yake haiko katika jani la chai tu, iko hasa katika moto. Kila mara kolera inapoingia katika mitaa yetu, sufuria ya maji yanayochemka ina kazi kubwa kuliko mifuko yote ya unga wa sokoni. Chemsha, funika, tia katika chombo safi.

Lakini chai kali ukiinywa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yaliyo katika maharage na majani kuingia mwilini. Mwenye upungufu wa damu, na mama mwenye mimba anayemeza vidonge vya chuma, angoje saa moja au mbili baada ya kula, ndipo anywe chai yake.

SI YOTE YA ZAMANI NI MAZURI

Usidhani kila chakula cha Asia ni dawa. Katika miaka ya 1950, huko Akita, kaskazini ya Japani, watu walikula mboga zilizotiwa chumvi nyingi, samaki wa chumvi na mchuzi wa soja. Mtu mmoja aliweza kula zaidi ya gramu 20 za chumvi kwa siku. Wengi walipasuka mshipa wa kichwani wakiwa bado na nguvu za kazi. Waganga na wamama wa nyumba wakaungana, wakapunguza chumvi jikoni, wakaanza kupima damu. Miaka ilipopita, vifo hivyo vikapungua sana.

Shirika la Afya la Dunia, OMS, linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo. Kijiko kimoja kikubwa cha mchuzi wa soja kina zaidi ya gramu 2. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani navyo vimejaa chumvi. Ukitia vidonge vitatu na chumvi juu yake, usishangae kichwa kikikuuma na damu ikipanda.

Hapa ndipo viungo vinapoleta faida yake kubwa: vinatia ladha, na mkono unasahau chumvi. Jaribu hivi kwa nyumba ya watu sita.

Loweka bilauri tatu za maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa moto mkali, kisha acha yaive mpaka yalainike. Katika sufuria nyingine pasha mafuta kidogo, kaanga kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu na tangawizi ya urefu wa kidole gumba. Tia nusu kijiko kidogo cha manjano, pilipili manga kidogo na tomati mbili. Harufu ikitoka, mimina juu ya maharage, tia chumvi kidogo tu. Kula na bukari na lengalenga, ukamulie ndimu juu yake; ndimu inasaidia chuma cha maharage kuingia katika damu. Hakuna kidonge cha dukani, na hakuna atakayekiulizia.

SASA TUONGEE JUU YA MAPAFU

Ndani ya shingo yako kuna njia mbili. Moja ni ya chakula na kinywaji: inashuka tumboni. Nyingine ni ya hewa: inashuka mapafuni. Tangawizi, manjano, maziwa, asali, vyote vinapita njia ya kwanza. Vumbi la jiwe linapita njia ya pili. Vitu hivi viwili havikutani. Basi unga wa Mhindi utalisafishaje vumbi lililokaa mahali usipofika?

Vumbi unaloliona likicheza katika mwanga wa taa si baya kuliko yote. Baya zaidi ni lile usiloliona. Ni dogo mno, linafika mpaka mwisho wa mapafu, katika vile vifuko ambamo damu inachukua hewa. Kama lina silisi, mwili unapigana nalo na kuacha makovu. Makovu yakizidi, pumzi inapungua. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Hakuna dawa ya kufuta makovu hayo, si ya Ulaya, si ya Asia, si ya kwetu. Tena silikosi inafungulia mlango kifua kikuu.

Hatari ya mfuko wa sokoni haiko katika manjano yenyewe. Iko katika muda unaopotea. Tuseme wazi yale tunayoyajua sisi sote. Mtu anaanza kukohoa. Haendi kwa munganga, kwa sababu anaogopa kuondolewa shimoni na kupoteza primu. Anakunywa tangawizi na asali. Koo linapoa, kwa kuwa kweli tangawizi ya moto inatuliza koo. Anasema: «Nimepona.» Anarudi kwenye vumbi, maski imening'inia shingoni. Mwezi unapita, miezi sita inapita. Siku anapofika hospitali amekonda, na watoto wanaolala naye chumba kimoja wanakohoa pia. Kifua kikuu kina dawa, nacho kinapona mtu akimeza dawa miezi yote aliyoandikiwa bila kukatisha. Lakini pumzi iliyoliwa na vumbi hairudi.

Ndugu, hofu ya kupoteza primu tunaielewa. Nyumba ina watoto, shule inadai, kodi inadai. Lakini fanya hesabu mpaka mwisho. Primu ni ya mwezi, pumzi ni ya maisha yote. Anayejulikana mapema anaweza kuwekwa mbali na vumbi akiwa bado na nguvu za kufanya kazi nyingine. Anayejificha anakaa kitini mbele ya mlango akiwa bado kijana, hawezi kupanda hata ngazi.

Na wewe mama, wewe ndiwe unayesikia kikohozi cha usiku. Bwana anaweza kumficha kiongozi wake, lakini wewe hawezi kukuficha. Usimpikie tangawizi na kunyamaza. Mpikie, halafu asubuhi umwambie: «Twende hospitali.»

KUMBUKA MAMBO HAYA

1. Mwagia maji jiwe kabla na wakati wa kutoboa. Vumbi lililolowa haliruki.

2. Vaa maski inayokufaa, imekaza uso vizuri. Kitambaa hakizuii vumbi dogo. Ikichakaa, omba nyingine.

3. Usikose siku yako ya kupigwa radio ya mapafu. Mara nyingi radio inaona kovu kabla wewe hujasikia kitu.

4. Kikohozi kikipita wiki mbili, au ukitema damu, ukikonda, ukitoka jasho usiku, nenda kwa munganga. Mweleze kazi yako na miaka uliyoifanya.

5. Nawa mikono na uso kabla ya kula kazini. Usirudi nyumbani na nguo za vumbi, mtoto anazikumbatia.

6. Kila siku weka sahani moja yenye bukari, maharage au samaki, na majani mabichi ya kijani. Tia tangawizi na kitunguu saumu, punguza chumvi.

7. Muuzaji akikuambia unga wake unaponya magonjwa yote, zishike falanga zako. Nunua nazo maharage.

Watu wa Asia hawakupata afya kutoka mfuko mmoja wa unga. Waliipata katika sahani ya kila siku, na waliipoteza kila walipoisahau ile sahani, kama mabaharia wa Ryujo. Tuchukue mema yao, tuyapike na mema yetu. Na tunaposhuka shimoni, kila kitu kikae mahali pake: tangawizi katika sufuria, maski usoni.

Linda pumzi yako. Nyumba nzima inaishi kwa pumzi hiyo.